Kadi kwa Mama, Namba kwa Baba

"Bati haliliwi," alisema Pankrasi.

"Na mashine inaliwa?"

"Mashine inalisha, mama Yasinta. Bati linakaa juu tu, linakutazama."

"Linanitazama mimi? Mvua ikianza litakukinga wewe na hicho kichwa chako kigumu." Notburga alitua sufuria ya maharage sakafuni kwa kishindo, mchuzi ukaruka. "Kuta zile zimenyeshewa misimu miwili. Zikinyeshewa na huu, matofali yatarudi kuwa udongo, na mimi huo udongo siukanyagi tena. Nimemaliza."

"Tutafunika kwa nailoni."

"Nailoni tulifunika mwaka jana. Iko wapi? Upepo umeipeleka Namtumbo."

Wapangaji wa chumba cha pili walipunguza redio ili wasikie vizuri. Hawakuwa na sababu ya kujificha. Ugomvi ule ulikuwa umedumu wiki nzima, na nyumba yote ya kupanga ya Mama Azizi pale Bombambili, Songea, iliujua kama kiitikio cha wimbo.

Mahindi yao ya shamba la Mpitimbi yalinunuliwa na ghala la serikali. Yakakaa bila malipo hadi watu wakachoka kuulizana, halafu fedha zote zikaingia benki kwa mara moja. Zilitosha kuezeka nyumba yao iliyosimama wazi kule Ruhuwiko. Au zilitosha kununua mashine ya kuranda mbao, Pankrasi aache kuranda kwa mkono bandani kwake. Kwa vyote viwili hazikutosha, na kelele hazikuziongeza.

Kingine ni kwamba hakuna aliyeweza kuzigusa peke yake. Siku walipofungua akaunti walikubaliana kadi ikae kwa mama, namba ya siri ikae kwa baba. Kila mmoja alikuwa na sababu zake za kutomwamini mwenzake mbele ya fedha, na sababu zote zilikuwa za kweli. Kwa hiyo kadi ilifungwa kwenye pindo la kitenge cha Notburga, na usiku ililala chini ya mto wake. Namba ilikaa kichwani mwa Pankrasi, mahali ambapo Notburga alisema hapakuwa na kitu kingine.

"Nipe namba, kesho niende," alisema.

"Nipe kadi, kesho niende."

"Basi tukae hivihivi mpaka zioze."

"Fedha haziozi."

"Zinaoza! Bei ya bati ya Juni siyo bei ya leo."

Pankrasi alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache yalikuwa yamemwishia. Akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. Macho yakatua kwa binti yake, aliyekuwa ameinama jikoni anasonga ugali.

"Na Yasinta je? Si naye ana jambo lake la chuo?"

Wote wawili wakamtazama. Jambo lenyewe walilijua. Chuo cha upimaji ardhi cha Morogoro kilikuwa kimempa nafasi, na ada ya kuanzia ilitakiwa kulipwa kabla ya Jumatatu, la sivyo nafasi apewe mwingine. Ada ile ikitoka, kitakachobaki hakitoshi bati wala mashine.

Yasinta hakuinua uso. Aligeuza mwiko mara moja, akaukandamiza ugali ukutani mwa sufuria.

"Mimi nitasubiri mwaka kesho," alisema. "Wala msihangaike."

"Unaona?" Notburga alishusha pumzi, na mabega yakashuka nayo. "Mtoto ana akili kutuzidi. Mwaka kesho upo. Na kwanza, kazi gani hiyo ya msichana kubeba miguu mitatu porini na kuchungulia kitundu?"

"Ni kupima ardhi, mama."

"Ardhi iko palepale. Haikimbii."

Yasinta akapakua. Donge kubwa alimwekea baba, maharage mazito akamwekea mama. Yeye akavuta sufuria, akaanza kukwangua ukoko. Wazazi wakanawa na kuendelea walipoishia.

*

Ijumaa Notburga alimwachia jirani yake wa sokoni meza ya dagaa wa Nyasa, akaenda duka la vifaa vya ujenzi kuuliza bei. Kununua asingeweza, lakini bei mtu akiijua anagombana vizuri zaidi.

"Bati geji ishirini na nane au thelathini?" aliuliza kijana wa duka bila kuacha simu yake.

"Ipi inadumu?"

"Ishirini na nane. Unataka za rangi?"

"Nataka za kuezekea, siyo za kwenda harusini."

Kijana alikuwa anatafuta bei kwenye simu wakati Notburga aliposikia sauti anayoijua ikitoka nyuma ya rafu za rangi. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba samahani kabla hajakosea.

"Na hii, mtu akilipia kidogo kidogo?"

"Mzee," kijana mwingine alijibu kwa sauti ambayo duka zima liliisikia, "juzi ulikuja. Jana ulikuja. Kuitazama hakupunguzi bei."

Watu wawili watatu walicheka.

"Na usiishikeshike. Unaacha jasho."

Notburga alisogea hatua moja akaona. Pankrasi alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Mkono wake ulikuwa juu ya meza ya mashine ya kuranda, umetulia kama wa mtu anayempapasa ng'ombe wa jirani. Aliposikia neno la jasho aliuondoa mkono haraka. Kisha akavuta mkono wa shati, akapafuta pale alipokuwa amegusa.

Nafasi ya kumcheka ilikuwa ndiyo hiyo. Wiki nzima alikuwa akiitafuta. Notburga akapita katikati ya ndoo za rangi kama mtu anayekwenda kuzima moto.

"Wewe kijana! Huyo baba anaitwa fundi Pankrasi. Hiyo kaunta unayoegemea, unajua ni nani aliyeitengeneza?"

Kijana akaacha kuegemea. "Sijui, mama."

"Siyo mimi, mama Yasinta," alisema Pankrasi taratibu.

"Hata kama siyo wewe!" Alimgeukia mumewe, kisha kijana. "Mteja haambiwi ana jasho. Una bahati ana adabu. Mimi sina."

Walipotoka nje jua lilikuwa kali. Walitembea mpaka wakapita stendi.

"Ulifuata nini mle?" aliuliza Notburga.

"Nilipita tu."

"Umevaa shati la kanisani ili upite tu?"

"Na wewe je?"

"Nilipita."

Pankrasi alimpokea kikapu. Alikipokea kwa mkono wa kulia, hatua chache akakihamishia wa kushoto. Notburga aliona, akadhani anaficha alama ya jasho kwapani.

"Namba sikupi lakini," alisema Pankrasi.

"Na kadi sikupi."

Wakaenda hivyo hadi nyumbani.

*

Jumamosi asubuhi Mama Azizi, mwenye nyumba, alimkuta Notburga uani anasubiri kamba ya nguo iwe na nafasi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye ushungi wa kijani, na hakuna habari iliyopita mtaani bila kusimama kwake kunywa maji.

"Mwenzangu, kesho mnachezwa," alisema.

"Tunachezwa nini?"

"Igizo. Huko kanisani kwenu, kwenye sikukuu yenu ya parokia. Yule Dastan wa muuza mitumba amepita hapa jana anajifunza kukohoa. Nikamwambia, kijana, unaumwa? Akaniambia, hapana, mama, hiki ni kikohozi cha baba Yasinta."

Notburga alijua kwamba Mwalimu Hironimus, aliyewasimamia vijana wa parokia, alikuwa amempa Yasinta kazi ya kuandika igizo la sikukuu. Kila mwaka alimpa. Mwaka jana liliwahusu walevi wa pombe ya komoni, na mwaka juzi mchawi aliyeungama. Hakuwa amefikiria kuuliza la mwaka huu linahusu nini.

Alimkuta Yasinta chumbani anashona mto wa kuegemea kwenye mkanda.

"Umetuandika?"

"Ni familia ya Namtumbo, mama. Wanalima tumbaku."

"Na wanagombania nini hao wa tumbaku?"

Yasinta alikata uzi kwa meno. "Bati na mashine."

"Yasinta!"

"Tumbaku lakini, mama. Siyo mahindi."

Notburga aliketi kitandani. Hasira ilikuwepo, na chini yake kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyekuta mlango wake umeachwa wazi. "Sikiliza. Kama unataka kunidai ada mbele ya Padri na Songea nzima, nidai hapahapa. Mimi ni mama yako. Usinipandishe jukwaani."

"Sikudai, mama."

"Usije ukaniletea binti wa kulia kwenye hilo igizo lako, eti wazazi wangu wamenitupa. Nikimwona huyo binti nitainuka, nitatoka, na kila mtu ataniona nikitoka."

"Ndiyo, mama."

Yasinta akajaribu mkanda wenye mto kiunoni, akaugeuza nyuma.

"Mama, naomba kitenge chako. Hicho cha bluu."

"Cha nini?"

"Mama wa kwenye igizo anacho."

Notburga akainuka, akakivua kitenge, akafungua pindo, akatoa kadi na kuitia kifuani. Kitenge akakitupa kitandani.

"Usikichane kwenye misumari ya jukwaa," alisema.

*

Ukumbi wa parokia ulijaa tangu saa nane mchana. Misa ilikuwa imekwisha, pilau limeliwa, na watu walikuwa na moyo wa kucheka. Notburga alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, maana alikuwa amejiandaa kutoka. Jibu alilokuwa nalo kwa binti wa jukwaani lilikuwa limeiva mdomoni. Mama Azizi alikaa kando yake. Sikukuu haikuwa yake, lakini michezo, alisema, haina dini. Pankrasi alikuwa upande wa wanaume, kichwa chini.

Katika ukumbi ule hakuna aliyengoja mwisho ili apongeze. Mchezaji akikugusa unainuka, unakwenda ukicheza mpaka jukwaani, unamtunza: noti unaibandika kwenye paji la uso wake au unaidondosha kapuni. Mwaka huu kapu lilikuwa la kununulia mabenchi ya kanisa la kigango.

Pazia lilipofunguliwa, kulikuwa na meza, na juu yake ugali wa moto umefunikwa. Dastan aliingia amepaka majivu kwenye nywele ziwe mvi. Akakohoa. Upande wa wanaume ulipasuka kwa kicheko kabla hajasema neno.

"Bati haliliwi," alisema Dastan.

"Na mashine inaliwa?" Yasinta aliingia na kitenge cha bluu, mto umemjaa nyuma, mikono kiunoni. Alitua sufuria kwa kishindo kilekile. Watu walicheka hadi wakapigana mabegani.

Mama Azizi alimgusa Notburga kwa kiwiko. "Huyu si wewe kabisa?"

"Mimi sina makalio yale."

"Unayo, mama Yasinta. Mwenyezi Mungu amekujalia."

Mchezo ukaendelea. Neno kwa neno, ugomvi wa wiki nzima ulipita pale juu, pamoja na nailoni iliyopelekwa na upepo, kichwa kisicho na kitu na fedha zisizooza. Baba na mama wa jukwaani waliketi wakala ule ugali huku wakitupiana maneno. Watu walianza kugeuka kumtazama Notburga. Alikaza shingo na kutazama mbele, akamsubiri binti.

Halafu aliingia mjomba, ambaye ni Mwalimu Hironimus mwenyewe na fimbo ya kutembelea. Akawakalisha chini.

"Nimesikia mnachotaka," alisema mjomba. "Sijasikia kwa nini. Baba, anza wewe. Bila kupayuka."

Dastan alinyamaza muda mrefu, hadi mtu mmoja akaguna akidhani amesahau maneno.

"Bega," alisema mwishowe. "Bega langu la kulia, shemeji. Limekufa. Nikisukuma randa naona nyota. Usiku nageukia ukutani nisimwamshe huyu. Nikimwambia ataacha bati lake anipeleke hospitali, na mimi sitaki aache bati kwa ajili ya bega. Nikipata mashine, kazi itaendelea, na yeye hatajua."

Hakuna aliyecheka. Notburga aligeuza kichwa kuelekea upande wa wanaume. Pankrasi alikuwa ameshika bega lake la kulia kwa mkono wa kushoto. Alipoona anatazamwa, aliuachia mkono ukaanguka.

Kikapu, aliwaza Notburga. Kumbe kikapu. Nani mwingine angelijua jambo hili? Yasinta ndiye aliyempelekea baba yake chakula bandani kila mchana, na kila mchana aliondoka nyumbani na chupa ya maji ya moto ambayo hakuna aliyeyanywa, kumbe ya kukandia bega.

"Na wewe, mama," alisema mjomba.

Yasinta alishusha mikono kutoka kiunoni. Bila mikono ile alionekana mdogo, na ule mto ukawa mto tu.

"Mimi nafua nasubiri kamba ya mwenye nyumba," alisema. "Napika nasubiri mpangaji mwenzangu atoke jikoni. Hayo nimezoea. Naogopa jambo moja. Nisije nikafa kabla ya bati. Wanitoe kwenye mlango wa mtu, na mwenye mlango anahesabu tanga litakaa siku ngapi uani kwake."

Maneno hayo Notburga aliyasema mara moja tu, malaria ilipompanda, usiku, akidhani Yasinta amelala. Hakuyasema kwa mtu. Aliyasema kwa dari.

Mkono mnene ukashika wake. "Ungefia kwangu," alinong'ona Mama Azizi, na sauti yake haikuwa ya utani, "ningekutoa mlango wa mbele. Na tanga lingekaa mpaka mchoke wenyewe."

"Nyamaza," alisema Notburga, lakini mkono hakuuondoa.

Wanawake walikwishainuka. Walikwenda jukwaani wakipiga vigelegele, wakambandika mama noti usoni. "Bati! Bati!" Wanaume hawakukubali. Wakainuka nao wakamtunza baba, wengine wakimkanda bega kwa vicheko. "Mashine! Mashine!" Ukumbi ukagawanyika kama siku ya mpira. Mzee mmoja alitunza pande zote mbili akasema yeye ni mtu wa amani.

Mjomba aligonga fimbo. "Basi! Kila mwenye neno katika nyumba hii amesema. Kuna aliyebaki?"

"Hakuna," alijibu Yasinta.

Kinanda kikaanza wimbo wa kufungia. Vijana wakashika pazia.

Notburga alibaki na jibu lake mdomoni, na hakuna wa kumjibu. Binti hakuingia. Hakulia, hakudai, wala hakutajwa. Aliitazama meza, na sahani ya ugali iliyobaki makombo. Ugali ulikuwepo tangu pazia lilipofunguliwa, wa moto, na hakuna mtu aliyeonekana akiupika.

Alisimama.

"Mwalimu Hironimus! Na binti yao je?"

Kinanda kilisita. Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Hironimus alitazama jukwaani, kisha ukumbini, akaamua kubaki mjomba. "Dada yangu, familia hii haina binti."

"Inaye! Huo ugali nani ameusonga?"

Kicheko kilianza, kisha kikakatika chenyewe. Yasinta alikuwa amesimama katikati ya jukwaa, noti mbili zimebaki kwenye jasho la paji lake. Hakuweka mikono kiunoni. Alipojibu, ilikuwa kwa sauti yake mwenyewe, ile ya jikoni.

"Binti alisema atasubiri."

"Nani alimuuliza kama anataka kusubiri?"

"Hakuna, mama."

Notburga akatoka kwenye benchi. Mlango ulikuwa nyuma yake, hatua mbili tu. Akaenda mbele. Hakucheza kama watu wanavyocheza wakienda kutunza. Alitembea kama anavyotembea kwenda sokoni, na watu walimpisha. Akapanda jukwaani, akatia mkono kifuani, akatoa kadi ya benki, akaibandika kwenye paji la uso wa binti yake. Jasho likaishika.

"Leo tunatunza kwa kadi!" mtu alipiga kelele, na ukumbi ukalipuka.

Notburga hakucheka. Aligeukia upande wa wanaume. "Baba Yasinta. Mimi yangu nimetoa."

Pankrasi alikaa kidogo. Kila mtu alimwona akitazama viganja vyake. Kuta za Ruhuwiko zilikuwa viganjani humo, na mashine, na bega. Na mahindi ya mwaka mzima. Kisha akainuka, akapita kwenye magoti ya watu akisema samahani, samahani, akapanda ngazi moja moja. Alimfikia Yasinta, akainama, akamnong'oneza sikioni.

Yasinta alimtazama. "Hiyo tu, baba?"

"Hiyo tu."

"Twendeni," alisema Notburga. "Selestine anafunga kibanda chake mapema Jumapili. Mwalimu, endelea na wimbo wako."

*

Selestine, wakala wa benki aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya geti la kanisa, alikuwa ameshavuta nusu ya mlango. Aliwaona watu watatu wakivuka barabara mbio, mmoja akiwa na makalio ya kwenda kando, akausukuma tena mlango wake juu.

"Kuna mgonjwa?"

"Kuna ada," alisema Notburga. "Yasinta, msomee namba ya malipo ya chuo."

Yasinta alifungua simu. Akakosea, akaanza tena. Selestine aliingiza kadi, akaandika kiasi, akamgeuzia mashine ndogo dirishani.

"Namba ya siri."

Yasinta akabonyeza. Notburga, ambaye hakuwahi kuonyeshwa namba ile tangu akaunti ifunguliwe, alinyoosha shingo juu ya bega la mtoto.

"Moja, mbili, tatu, nne? Pankrasi!"

"Ungeweza kujaribu," alisema Pankrasi.

"Nimelalia hii kadi wiki nzima!"

"Nilijua hutajaribu kitu rahisi."

Selestine alijifanya anatafuta kalamu. Mashine ikafikiri. Barabarani vumbi liliinuka na kuzunguka, na upande wa Matogoro wingu lilikuwa limeanza kukaa. Pankrasi alilitazama, akazitazama kuta zake kwa macho ya moyoni.

"Nyasi tutakata Mpitimbi," alisema. "Nyasi hazipeperuki kama nailoni. Tutafunika kuta kwa juu, tuweke mawe."

"Wewe hukati kitu. Kesho asubuhi ni hospitali."

"Na dagaa?"

"Dagaa wamekwisha kufa. Watasubiri."

Karatasi ikaanza kutoka, polepole, kama ulimi. "Imekubali," alisema Selestine.

Yasinta aliishika ile risiti kwa mikono miwili. Pankrasi akakohoa kile kikohozi chake, akageuka kutazama barabara.

Notburga alichukua kadi akairudisha kifuani. Mengine yalikuwa bado. Kisha, kwa mazoea, akaichukua risiti na kutafuta pindo la kitenge ili aifunge, akakuta kitenge hakiko kiunoni kwake. Akasita. Akalishika pindo pale lilipokuwa, kiunoni kwa mtoto, akaikunja risiti ndogondogo, akaifunga humo mafundo mawili.

"Namba nitaibadilisha," alisema Pankrasi.

"Badilisha. Weka nne, tatu, mbili, moja."

Kutoka ukumbini wimbo ulikuwa umefika mwisho, na watu walikuwa wanaita mchezaji arudi atunzwe. Notburga alimzungusha binti yake, akaulegeza mkanda na kuuvuta ule mto, akauweka kwapani kwake.

"Nenda," alisema. "Wanakungoja. Na mwaka kesho ukitucheza, punguza huu mto, mimi siko hivi nyuma."